Projekta moja, vishikwambi vitatu, wanafunzi 84: kipindi cha dakika 40 kinapangwaje?

Mwalimu_Pongwe
Habari za jioni walimu wenzangu. Naomba msaada wa kitaalamu.

Shule ipo nje kidogo ya Tanga mjini. Darasa lina wanafunzi 84 wakati kiwango ni 45. Chumba ni mita 9 kwa 7, madirisha hayana mapazia. Vifaa vya TEHAMA tulivyo navyo ni projekta moja ya taa ya kawaida, imeandikwa lumeni 3000, na vishikwambi vitatu. Umeme upo ila hukatika.

Mtaala ulioanza Januari 2024 unataka mwanafunzi atende, nasi tupime kwa vigezo vya upimaji vilivyomo kwenye muhtasari wa somo. Wakati huohuo tunahimizwa TEHAMA ionekane kwenye andalio la somo. Nikiwasha video, dakika 40 zinaishia kwenye kuunganisha waya na kunyamazisha watoto. Nikiacha video, nabaki na ubao na chaki. Somo lililo mbele yangu ni Sayansi, saketi ya umeme: vitu vinavyopitisha umeme na visivyopitisha.

Maswali matatu. Video ikae wapi ndani ya kipindi? Nifanyeje picha ionekane mchana? Na watoto 84 nitawapimaje mmoja mmoja?

Taaluma_Muheza
Habari njema, mwalimu. Nianze na la kwanza kwa sababu ndilo linalobeba mengine.

Kabla hujagusa projekta, jiulize ni kitu gani ndani ya somo hili mtoto hawezi kukiona kwa macho wala kukishika. Kuwaka na kutowaka kwa taa anakiona mwenyewe mezani. Asichokiona ni kinachopita ndani ya waya. Basi video ibebe hicho tu: chembe zinazotembea ndani ya metali, na jinsi zinavyokwama saketi ikikatwa. Dakika nne zinatosha. Video inayoonyesha msumari ukiwasha taa na plastiki ikishindwa, iache. Imeshamfanyia mtoto kazi yake, na atakapofika kwenye jaribio atakuwa anaigiza jibu alilokwisha kulisikia.

La pili, usiwaonyeshe wote 84 kwa pamoja. Gawa darasa nusu kwa nusu, 42 na 42, kisha wabadilishane. Makundi ya watu sita yanakuwa 14 kwa jumla, lakini kwa wakati mmoja yanayofanya jaribio ni saba tu. Hapo umeokoa nusu ya vifaa, maana seti saba zinatosha darasa zima.

Ratiba yenyewe naipanga hivi. Dakika 5 za mwanzo ni utabiri: kila mtoto anaandika kwenye daftari vitu vitakavyowasha taa na visivyowasha, kwa kalamu, na hairuhusiwi kufuta. Dakika 12 mzunguko wa kwanza, nusu wakiwa ndani kwenye video na nusu barazani au chini ya mwembe kwenye jaribio. Dakika 2 za kupishana. Dakika 12 mzunguko wa pili. Dakika 9 zilizobaki ni za kulinganisha utabiri na matokeo, na kupima.

Seti moja ya jaribio ina betri tatu za tochi za volti 1.5, taa moja ndogo nyekundu ya LED, rizista moja ya ohmu 100 (mistari yake ni kahawia, nyeusi, kahawia), na vipande vitatu vya waya vya sentimita 20 vilivyomenywa ncha. Vitu vya kupima: msumari, sarafu, kipande cha kifuu cha nazi, kipande cha plastiki, penseli iliyochongwa pande zote mbili, na nyuzi za mkonge. Mkonge uwe wa aina mbili, mkavu, na uliolowekwa kwenye maji ya chumvi, vijiko viwili vya chai kwa nusu lita. Mikonge tunayo tele mkoa huu, na hicho kitu kimoja kina somo kubwa kuliko vingine vyote: uzi uleule, mara haupitishi, mara unapitisha.

Sasa angalia mtego. Walimu wengi hutumia balbu ndogo ya tochi ya volti 2.5. Kwa msumari na sarafu inawaka vizuri. Kwa mkonge wenye maji ya chumvi haiwaki kabisa, na watoto wanaandika kwamba maji ya chumvi hayapitishi umeme. Wameandika kosa kwa sababu ya kifaa. Balbu ile inahitaji karibu ampea 0.3 ili uzi wake upate moto wa kung'aa, na mkonge uliolowa unapitisha sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. LED nyekundu huonekana hata kwa miliampea moja, kwa hiyo itawaka hafifu, na huo uhafifu ndio mjadala unaoutaka: umeme umepita, ila kidogo. Kwa nini?

Fungu la mkonge liwe nene kama kidole na ncha za waya zikae umbali wa sentimita moja. Uzi mmoja mwembamba hautawasha kitu.

Na kwenye ile nusu iliyo ndani, mtoto mmoja aliyefundishwa mapema ashike kitufe cha kusimamisha. Andika ubaoni sekunde za vituo viwili au vitatu ambapo video isimame, na swali la kila kituo. Wenzake wachore walichokiona kabla haijaendelea. Wewe mwenyewe kaa mlangoni, jicho moja barazani na jingine ndani.

Fundi_Ngamiani
Mimi nijibu la picha, maana lina hesabu yake.

Lumeni 3000 ni mwanga wote unaotoka. Ukiutandaza kwenye picha ya upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.5, eneo ni mita za mraba 3.6, kila mita ya mraba inapata lumeni kama 830. Ukuta ulio karibu na madirisha wazi saa nne asubuhi tayari una mamia ya mwanga wa jua, kwa hiyo rangi nyeusi ya picha inageuka kijivu na maandishi yanafifia. Punguza upana uwe mita 1.2. Eneo linashuka hadi mita za mraba 0.9, na mwanga unapanda hadi 3300 hivi. Nusu ya upana, mwanga mara nne. Hakuna pazia la bei hiyo.

Projekta nyingi za darasani zina uwiano wa karibu 1.5, yaani umbali wake kutoka ukutani ni mara moja na nusu ya upana wa picha. Kwa upana wa mita 1.2 meza inakaa mita 1.8 kutoka ukutani. Picha uitupe kwenye ukuta usiotazamana na madirisha, pembeni ambako jua haligongi moja kwa moja. Ukuta uwe mweupe wa rangi isiyong'aa. Rangi ya mafuta inarudisha mwanga kama kioo, na watoto wa upande mmoja wanaona doa jeupe badala ya picha. Shuka jeupe linafaa likikunjuliwa na kuvutwa pembe nne. Likipeperuka kwa upepo, watoto wanaumwa macho.

Usiiinamishe projekta kwa vitabu halafu ukarekebisha pembe kwa kile kitufe cha kunyoosha picha. Kinanyoosha kwa kuibana picha upande mmoja, na herufi ndogo zinaharibika. Iinue meza yenyewe mpaka lenzi ilingane na ukingo wa chini wa picha.

Umeme nitarudi kuandika, una maneno mengi.

Mwalimu_Pongwe
Ahsanteni sana. Fundi, nimekuelewa kuhusu mwanga, lakini picha ya mita 1.2 kwenye chumba cha mita 9, wa nyuma si wataona kiwingu tu?

Fundi_Ngamiani
Wataona kiwingu, ndiyo. Na hapo ndipo mpango wa mwalimu wa Muheza wa nusu kwa nusu unapokuwa wa lazima.

Kanuni ya kazi ni kwamba mtu anayetakiwa kuona vitu vidogo ndani ya picha asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo chake. Picha ya upana wa mita 1.2 ina kimo cha sentimita 75, mara sita ni mita 4.5. Watoto 42 wanaenea ndani ya mita hizo 4.5 wakikaa kwenye mikeka mbele ya madawati, au wakibanana kwenye madawati ya mbele. Watoto 84 hawaenei hata ufanyeje.

Kwa maandishi, kimo cha herufi kisipungue sehemu moja ya mia mbili ya umbali. Ukitaka aliye mita 9 asome, herufi iwe sentimita 4.5 pale ukutani. Pima kwa rula, usikisie kwa kuangalia kompyuta. Ukiacha nafasi sawa kati ya mstari na mstari, picha yako inabeba mistari minane basi. Yaliyozidi hapo yaandike ubaoni, ubao ni mkubwa na haukatiki umeme.

Sasa umeme. Projekta ya taa hula kama wati 280. Taa ikiwa ya moto na umeme ukakatika ghafla, feni inasimama na joto linabaki ndani. Likitokea mara kwa mara taa hufa kabla ya saa zake. Huwezi kuzuia kukatika, lakini unaweza kuzuia mambo mawili: usiizime kwa kuchomoa waya, subiri feni inyamaze yenyewe, dakika moja au mbili, na umeme ukirudi usiiwashe papo hapo. Weka gadi ya umeme, ile inayowekwa kwenye friji, yenye kuchelewesha dakika tatu. Umeme unaporudi hupanda na kushuka kwanza, na huo ndio unaoua vifaa.

Ukitaka betri, piga hesabu kabla ya kununua. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini usiimalize, itumie nusu, 600. Inveta inakula sehemu yake, zinabaki kama 500. Kwa projekta ya wati 280 ni chini ya saa mbili. Kwa projekta ndogo ya LED ya wati 70 ni saa saba. Shule ikipata fedha, taa ya pili ya projekta kubwa ni gharama ya kurudia, projekta ya LED haibadilishwi taa.

Na la pwani. Hewa yetu ina chumvi, na masika ina unyevu usiokauka. Kebo za picha hushika kutu ya kijani kwenye pini, na lenzi huota utando. Projekta isilale kwenye kabati la chuma lililofungwa bila vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya. Kusanya vifuko hivyo, vikaushe juani kila wiki mbili. Kichujio cha hewa kipigwe brashi kavu kila Ijumaa. Kikiziba, projekta inajizima yenyewe katikati ya kipindi na mwalimu anadhani imekufa.

JzK_Korogwe
Nashika la tatu, la kupima, kwa sababu naona linawashinda wengi kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini).

Hakuna anayeweza kupima watoto 84 kwa dakika tisa. Tumia yale makundi 14 ya watu sita. Ndani ya kila kundi watoto wawe na namba 1 hadi 6, zisizobadilika kwa muda wa mada nzima. Kipindi cha leo unapima namba 3 wa kila kundi, watoto 14 tu. Kesho namba 5. Baada ya vipindi sita umewapima wote 84, na kabla ya kipindi cha mwisho hakuna anayejua zamu yake mapema kwa sababu namba unaitaja mwishoni.

Alama tatu zinatosha: 2, ameunda saketi na kueleza mwenyewe, 1, ameunda baada ya kuelekezwa, 0, bado. Ulizia tendo na sababu pamoja. Anayewasha taa lakini hawezi kusema kwa nini mkonge mkavu haukuwasha, ni 1. Usimpe 2 kwa huruma, maana ukimpa hutamrudia.

Andika kwanza kwenye karatasi yenye majina, kisha ingiza kwenye kishikwambi wakati wa mapumziko. Ukiandika kwenye kishikwambi moja kwa moja huku watoto wanakuzunguka, utakosea safu, nami sijui njia ya kugundua kosa la safu baada ya siku mbili. Karatasi usiitupe hadi muhula uishe.

Picha za ushahidi piga kazi, si sura. Saketi mezani, daftari lililofunguliwa, mikono. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi au la kata bila ridhaa ya mzazi si jambo dogo, hata kama nia ni njema.

Kuhusu andalio, naomba niliseme wazi. Kuandika "projekta" kwenye sehemu ya zana na "kuonyesha video" kwenye shughuli za ufundishaji hakumwambii mdhibiti ubora kitu chochote. Kwenye safu ya shughuli za ujifunzaji andika mwanafunzi anafanya nini na ile video: "anachora njia ya umeme, video ikisimama sekunde ya 70, kisha anaonyesha mahali ilipokatika." Hapo kigezo cha upimaji kinakaa chenyewe. Na chini yake andika mbadala wa umeme ukikatika. Mchoro uleule uchore kwa maka peni kwenye manila au upande wa ndani wa mfuko wa saruji, uwe ukutani tangu asubuhi. Umeme ukienda, yule mtoto wa kitufe anachukua fimbo na kuendelea kwenye chati, maswali ni yaleyale.

UNESCO nao wana mwongozo wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu, toleo la tatu ni la 2018. Una umahiri 18 katika ngazi tatu, na ngazi ya juu kabisa ni mwalimu na wanafunzi kubuni maarifa mapya. Ukilinganisha, kuwasha video darasani kupo ngazi ya chini. Mtoto anayerekodi jaribio lake kwa kishikwambi na kulieleza kwa sauti yake ameshapanda.

Taaluma_Muheza
Hapo kwenye vishikwambi, naongeza. Vitatu hivyo viweke barazani, si ndani. Kimoja kitumike kama kioo cha kukuzia: kamera isogezwe karibu na LED inayowaka hafifu, mtoto akiziba jua kwa kiganja. Nje kuna mwanga mwingi na kundi la watu sita haliwezi kuona nuru ya miliampea chache kwa macho, watagombana kama imewaka au haijawaka. Kwenye kioo cha kishikwambi inaonekana.

Video na vitabu vipakuliwe usiku kabla, kutoka Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) au penginepo, na viwekwe kwenye memori kadi. Video ya dakika tano kwa ubora wa 480 ni kama MB 40, haimalizi kifurushi. Jaribu kuicheza hadi mwisho intaneti ikiwa imezimwa. Nyingine huonekana zimepakuliwa kumbe zinasubiri mtandao.

Mwl_Makorora
Samahani naingilia. Kuna wanaotumia akili unde kama ChatGPT kuandika andalio lote. Inafaa kwa somo kama hili?

JzK_Korogwe
Kwa kuanzia inafaa, dada, kwa kumalizia haifai. Ukiiuliza "niandikie andalio la saketi", italeta malengo ya mtindo wa zamani, itakupa maabara usiyo nayo, na itachanganya maneno: mara saketi, mara sakiti, mara mzunguko. Mtoto anasoma kitabu cha TET chenye istilahi moja, akija darasani anakutana na tatu.

Ipe wewe yafuatayo: umahiri mahususi kama ulivyo kwenye muhtasari, neno kwa neno, idadi ya wanafunzi, dakika, orodha kamili ya vifaa vilivyopo mezani, na istilahi unazotaka. Kisha iombe kitu kimoja tu, kwa mfano maswali sita ya kuuliza wakati wa kulinganisha utabiri na matokeo. Kila jibu la kisayansi lipitishe kwenye kitabu. Jaribio lolote itakalolipendekeza lenye umeme wa ukutani, lifute hapo hapo.

Fundi_Ngamiani
Kabla uzi huu haujashuka, mambo ya vifaa vya jaribio ambayo yatakusumbua siku yenyewe.

LED ina mguu mrefu na mfupi. Mrefu uelekee upande wa chanya wa betri. Ikigeuzwa haiwaki, na kundi litasema imeungua. Kwa betri hizo tatu haiungui ikigeuzwa, yaambieni tu makundi yageuze kwanza kabla ya kuita mwalimu. Inayoiunguza ni kuondoa rizista. Betri tatu ni volti 4.5, LED nyekundu inachukua kama 2, zinabaki 2.5, na kwa hizo rizista ya ohmu 100 inauzuia mkondo usizidi miliampea 25. Bila rizista, taa inamulika sana mara moja, kisha inakufa. Kwa hiyo rizista isifungwe na watoto. Ilehemu kwenye mguu wa LED wewe mwenyewe, au isokote na kuifunga kwa selotepu, kabla ya kipindi.

Betri zikae kwenye kipande cha bomba la plastiki au karatasi ngumu iliyokunjwa, zikibanwa kwa mpira wa kufungia. Zikishikwa kwa vidole saketi inakatika kila mtoto akipumua. Waya usigusane ncha kwa ncha kwenye betri bila taa katikati. Betri itapata moto mkononi.

Nusu ya kwanza ikimaliza, ncha za waya zilizoingia maji ya chumvi zifutwe kwa kitambaa kabla ya nusu ya pili. Chumvi ikibaki kwenye kifuu cha nazi au plastiki, navyo "vitapitisha umeme", na utatumia dakika zako tisa kueleza jambo ambalo halipo. Weka mkonge wa chumvi uwe wa mwisho kupimwa kwa kila kundi. Jioni suuza ncha kwa maji baridi na zikauke. Zikishakuwa za kijani kata nusu sentimita, menya upya.

Mwalimu_Pongwe
Nimeandika yote. Swali dogo la mwisho: penseli inapitisha kweli?

Taaluma_Muheza
Kiini chake ni grafiti, kinapitisha, lakini gusa kiini chenyewe pande zote mbili, si mbao. Penseli fupi inapitisha vizuri kuliko ndefu. Uwe na mbili za urefu tofauti kwenye kila seti, na usiwaambie kwa nini.